Watu wa Chungu Kimoja

Saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini jioni, Kasoki alikuwa ameketi kwenye kigoda jikoni, sufuria ya fufu ameibana katikati ya miguu juu ya taulo lililokunjwa, akisonga kwa mwiko aliokuja nao kutoka Butembo, Kongo. Jiko la nyumba ile ya kupanga, pale Riverdale Park, Maryland, lilikuwa na mguu mmoja mfupi na halikuvumilia kusongewa fufu, kwa hiyo alisongea sakafuni. Treni ya kwenda Baltimore ilipita nyuma ya nyumba, glasi zikatetemeka kidogo rafuni, kisha mlango ukafunguka na mumewe Liévin akaingia. Alifuta viatu, akanawa mikono, akaketi kwenye kiti chake, kile kinachotazama dirisha.

Alikuwa amekufa miaka mitatu na miezi miwili.

Walimzika na suti ya kahawia aliyofungia ndoa, lakini kila jioni alikuja amevaa koti lake la kazi, la buluu, lenye mstari unaong'aa mgongoni. Koti hilo kampuni ilikuwa imelidai baada ya mazishi, na Kasoki alilirudisha kwa posta. Alilipataje tena, hakuna aliyemuuliza. Mtu akitoka mbali namna ile, hasailiwi juu ya nguo.

Halafu alikula, na hili lazima lisemwe wazi, maana ndilo lililozua mengine yote. Wafu wa watu wengine huja wakakaa, wakanusa harufu ya mchuzi, wakaenda zao. Liévin alikata tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akachota sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akameza, na sufuria ikapungua. Hakula sana kama zamani, lakini mfupa wa samaki aliuacha mweupe kabisa.

"Sombe ya leo umeweka mawese kidogo, Mama Arielle," alisema.

"Mawese imepanda bei."

"Ah bon," alisema Liévin, akaendelea kula.

Binti yao Arielle, mwenye miaka kumi na saba, alikuwa upande wa pili wa meza na daftari la hesabu kando ya sahani. Alimsogezea baba yake chumvi bila kuinua macho, kama alivyofanya tangu akiwa mdogo.

Liévin alikuwa mtu wa kibanda. Kwa miaka kumi na mmoja alikaa kwenye kibanda cha kioo mlangoni mwa gereji ya kuegesha magari kule Rockville, akitoa tiketi asubuhi na kuzipokea jioni. Ni kazi ambayo mwenye dharau ataicheka, lakini Kasoki aliikumbuka kama watu wanavyoukumbuka mwaka wa mavuno. Mshahara ule mmoja ulilipa nyumba, ukanunua mchele wa gunia, ukatuma kitu kidogo Butembo kila Pasaka. Jumamosi walikwenda kununua samaki wazima wenye macho maangavu. Krismasi wenye magari walimletea Liévin skafu na biskuti za bati, hata ikafika mahali nyumba nzima ikawa na makopo ya biskuti yaliyojaa sindano na vifungo. Aliwajua kwa majina. Alijua nani mkewe anaumwa na nani amehamia gari dogo kwa sababu ya talaka. Jioni akirudi alileta habari zao mezani, na Kasoki akawajua wote bila kumwona hata mmoja. Ile ilikuwa raha, na Kasoki hakujua kuwa ni raha mpaka ilipokwisha.

Ikaja mashine ya manjano yenye mkono mmoja. Kibanda kikang'olewa siku ya Jumatatu. Liévin aliomba kazi huku na huku kwa mwaka mzima, kisha moyo ukasimama akiwa kwenye foleni ya duka la dawa.

Kasoki alibaki na kazi yake ya kutunza wazee majumbani, na kwa miaka miwili waliponea hapo. Lakini mwaka huu wakala aliyemwajiri alibandika ukutani mwa kila mzee kifaa cheupe kinachouliza mara tatu kwa siku, "Umeanguka?" Mzee akijibu hapana, mtunzaji haji. Saa za Kasoki zikakatwa nusu, halafu nusu ya nusu. Mwezi wa tatu alianza kuacha kula mchana. Arielle alipoanza kusema kwamba shuleni hasikii njaa, Kasoki alipiga simu ofisi ya misaada kuomba kadi ya chakula.

Walimpa mtu wa kuzungumza naye Kiswahili, dada wa Kikenya aitwaye Wairimu, mwenye sauti ya mtu aliyekaa kwenye kiti kimoja siku nzima.

"Sawa, mama. Sasa niambie, kwa hiyo nyumba mko wangapi? Si wale mnaishi tu. Ni wale mnanunua food pamoja, mnapika pamoja, mnakula pamoja."

Kasoki hakufikiri hata kidogo. Kwao, nyumba haikuhesabiwa kwa vitanda wala kwa majina yaliyoandikwa mahali. Bibi yake aliyemlea alikuwa akiwahesabu watu kwa kuchungulia chunguni. Aliyekula chungu kimoja nanyi alikuwa mtu wenu, hata kama jana alikuwa mpita njia, na kumficha mlaji wakati wa kuhesabu ilikuwa kama kumwambia asirudi. Serikali kuuliza swali lile lile la bibi yake kulimfurahisha.

"Tuko batatu," alisema. "Mimi, mutoto, na bwana yangu Liévin."

"Na huyo Liévin anafanya job wapi?"

"Hana kazi. Alikufa. Lakini anakulaka."

Vidole vya Wairimu vikasikika vikigonga kibodi.

"Anakula kila siku?"

"Kila siku. Jumapili tu anachelewaka."

"Haya. Ako na ulemavu wowote? Ugonjwa wenye unamzuia kufanya kazi?"

"Hapana. Amekufa tu."

"Hiyo haiko kwa list, mama. Hapa inataka barua ya daktari." Akagonga tena. "Umri wake?"

"Alikufa na makumi ine na nane."

"So bado yuko kwa ile age ya kufanya kazi. Nitamweka."

Barua ilifika baada ya siku tisa, na iliandikwa kwa jina la Liévin. Ilisema kwamba kila mtu mzima wa kaya mwenye uwezo wa kufanya kazi na asiye na mtoto mdogo lazima athibitishe saa themanini za kazi kwa mwezi, na kwamba mpaka hapo atakapothibitisha, faili la kaya nzima limesimama. Liévin alivaa miwani yake, akaisoma pole pole mpaka mwisho, akaikunja vizuri. Kasoki aliona kuwa amefurahi kidogo. Ilikuwa muda mrefu tangu mtu amwandikie.

"You could've just said two, Mom," alisema Arielle.

"Na baba yako niseme ni nani? Nzi?"

"Usimugombeze mama yako," Liévin alisema. "Iko sawa. Mutu anakula, atumike. Kesho naenda kutafuta kazi."

Kesho yake alikuja asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azikwe. Kasoki hakuwa na mzee wa kumtunza siku hiyo, akamsindikiza. Walipanda basi, kisha basi la pili, mpaka Rockville. Dereva hakumdai Liévin nauli, na Liévin hakulipenda hilo. Alikuwa mtu wa kulipa.

Mahali pa kibanda palikuwa na alama ya mraba kwenye lami, na juu yake mashine ya manjano. Liévin alisimama kando yake, mikono nyuma, mahali pale pale alipozoea kunyoosha miguu. Gari la kijivu likapunguza mwendo. Mama mmoja wa Kizungu, daktari wa meno wa jengo la jirani, akateremsha kioo.

"Levin! Umepotea wapi siku zote hizi?"

"Nilikufa, madamu."

"Oo, pole sana. Mama yangu pia," yule mama alisema. Akatazama mashine, akatazama alama ya kibanda. "Hii kitu haijui hata kunisalimu." Akabonyeza, tiketi ikatoka, mkono ukanyanyuka, akapita. Kasoki, aliyekuwa amesimama pembeni, alimjua mara moja. Ndiye yule wa habari za mezani, aliyelea paka mwenye kisukari.

Liévin alibonyeza kitufe cha msaada. Sauti ya kijana aliyeko jimbo jingine ilimjibu kutoka ndani ya mashine kwamba nafasi za kazi zipo, usafi na ulinzi, ila maombi ni kwa simu tu. Kasoki akatoa simu yake. Simu iliuliza jina, ikauliza miaka, ikauliza uzoefu, na Liévin akajibu yote kwa fahari. Kisha ikamtaka aweke uso ndani ya duara. Alijiweka sawa, akavuta kola ya koti. Simu ikapiga picha ya ukuta wa matofali ulio nyuma yake. Walirudia mara nne. Mara ya nne simu ilisema picha ni safi, ila mwombaji afungue macho.

Walifanya hivyo gereji mbili zaidi na supamaketi moja ambako kaunta zote zilikuwa zimegeuzwa za kujihudumia. Kila mahali ukuta ulitoka vizuri.

Aliyemwokoa, au aliyedhani amemwokoa, alikuwa Festus, shemasi wa Kikenya aliyesimamia ghala la chakula cha msaada la kanisa lao kule College Park. Ofisi ilikubali pia saa za kujitolea, na Festus alikuwa na mihuri. Alimtazama Liévin kuanzia viatuni hadi utosini.

"Miaka mitatu unakula tu, ndugu yangu?" alisema. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kuja uchukue hizi carton."

Liévin alicheka kwa sauti. Akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaanza kubeba maharage ya makopo.

Alifanya kazi mwezi mzima. Alifika kabla ya mlango kufunguliwa na aliondoka wa mwisho. Aliwajua watu wa foleni kwa majina ndani ya wiki moja. Alijua nani ana mtoto asiyeweza maziwa, na alimwekea kando kopo la aina nyingine. Festus alimsifu mbele ya kanisa zima kwamba ni mchapa kazi kuliko vijana wote na hata chai haombi. Jioni alileta tena habari mezani, na Kasoki, ambaye friza lake sasa lilikuwa na barafu tupu, alisikiliza huku moyo ukimjaa kama zamani. Tatizo lilikuwa kwamba Liévin alichoka. Kufa kulikuwa kumemzoesha mapumziko. Siku nyingine alisinzia tonge likiwa mkononi, na Arielle akamtoa tonge taratibu vidoleni, akaliweka sahanini, akafunika sahani.

Saa zilifika themanini na sita. Festus akagonga mhuri, Kasoki akapeleka karatasi, na baada ya wiki moja Wairimu akapiga simu.

"Mama, pole. Zimerudishwa."

"Juu ya nini? Si alitumika?"

"Alifanya, naona hapa, na deacon amesaini. Lakini namba yake ya serikali ilifungwa siku alikufa. Mtu hawezi kuwa na hours kwa namba imefungwa."

"Basi andika kama amekufa, mumutoshe, mumuondoe."

"Si mimi, ni system. Kule kwingine wanasema amekufa. Huku question si kama amekufa. Question ni kama anakula. Na wewe ulisema anakula." Wairimu alishusha pumzi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya mtu, siyo ya kiti. "Mama, hata mimi shosho yangu, nyanya yangu aliyekufa, hukuja. Lakini yeye hakuli. Hiyo imenisaidia sana. Nikutumie form?"

Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema: naapa kwamba mtu aliyetajwa hapo juu hali tena chakula cha kaya hii. Chini palikuwa na mahali pa sahihi, na onyo kwa anayeapa uongo.

Arielle alisema kwa Kiingereza kwamba mama atie sahihi tu, baba aendelee kula, nani atakuja kuangalia. Kasoki alimtazama mwanawe mwembamba, mikono yake iliyoanza kufanana na vijiti vya mwavuli, na alitamani sana kuweza. Hakuweza. Alikuwa ameapa mara tatu tu maishani: ubatizo, ndoa, na uraia, na viapo vyote vitatu alikuwa amevitunza.

"Abaki anakaa bila kula," alisema Arielle, sasa kwa Kiswahili, jambo lililoonyesha kwamba ameanza kuogopa. "Just akae."

Nalo pia halikuwezekana. Walijaribu jioni moja. Liévin aliketi na mikono magotini, mbele yake meza tupu, akitazama dirisha kwa adabu. Kasoki alikata tonge na tonge likamganda mkononi. Kwao hakuna anayekula mbele ya mtu asiyekula. Ni bora chakula kimwagwe. Arielle naye, aliyezaliwa Maryland na kudai kwamba mila hazimhusu, aliweka kijiko chini. Wakakaa watatu na fufu ikapoa, na hakuna aliyekula usiku ule.

"Lisilobudi hutendwa," Liévin alisema mwishowe. Kisha, kwa sababu hakupenda kuwa mzito: "Juu pale, Elie anapikaka maharage kila siku. Anakula yeye peke yake."

Elie alikuwa mzee wa Kirundi wa ghorofa ya pili, mjane, mfagizi wa chuo, asiyewahi kuomba msaada wa aina yoyote kwa sababu hakupenda maswali. Hakuna ofisi iliyojua anakula na nani.

"Utakula kwa watu?" Kasoki aliuliza.

"Si kwa batu. Ni kwa Elie."

Kasoki alimpikia mara ya mwisho siku ya Alhamisi: sombe, fufu ya muhogo iliyochanganywa na mahindi, na samaki wa chumvi aliowaomba kwa Festus kutoka ghalani. Liévin alikula vizuri. Walizungumza habari za Butembo, baridi ya asubuhi, ukungu unaoshuka mpaka kwenye vibaraza vya maduka, na yule mwalimu wa kwaya aliyependa kukohoa kabla ya kila wimbo. Walicheka mpaka Arielle akauliza kwa Kiingereza nini kinachekesha, na hawakuweza kumweleza. Alipomaliza, Liévin alinawa, akasimama, akarudisha kiti chini ya meza. Kasoki alitia sahihi asubuhi. Kufikia wakati huo kiapo kilikuwa cha kweli.

Kadi ilikuja, ya watu wawili. Friza likajaa. Arielle akaanza tena kusema kwamba ana njaa, na Kasoki alishukuru Mungu kwa hilo kila siku, kwa dhati, kwa magoti. Saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini alisikia viatu vikipita mlango wao na kupanda ngazi. Kisha kiti kikaburuzwa juu ya dari, na baada ya muda kikaja kicheko cha wanaume wawili. Alijifunza kupika kidogo. Mikono haikujifunza haraka; ilichota unga wa watatu, naye akarudisha wa mmoja kwenye mfuko wa unga.

Alivumilia wiki tano. Jumapili ya wiki ya sita alivaa kitenge chake kizuri, akafunga kilemba, akapanda ngazi na chupa ya juisi, maana huwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Mgeni si mtu wa kaya. Hilo alikuwa amemuuliza Wairimu kwanza, na Wairimu alikuwa ameulizia kwa wakubwa.

Liévin ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa na mwiko mkononi. Nyuma yake meza ilikuwa imeandaliwa kwa ajili ya wawili, na harufu ya maharage na vitunguu ilijaa chumba. Alimwona, uso ukamwangaza, kisha akakumbuka yuko nyumbani kwa nani, akanyooka. Alipokea juisi kwa mikono miwili.

"Karibu, maman," alisema. "Ukae. Ujisikie kwenu."

Ndivyo watu wa nyumba wanavyomkaribisha mgeni, na hakukuwa na kosa lolote katika hilo. Elie alisogeza kiti cha tatu. Kasoki aliketi kwenye ncha yake. Alikula kidogo, kama mgeni anavyokula, akaacha tonge moja sahanini kuonyesha kwamba ameshiba, akasifu maharage. Waliongea juu ya mvua. Liévin alimwongezea maji kabla hajaomba. Alipoona muda umefika, Kasoki aliaga, na mumewe akamsindikiza mpaka ngazini, kama inavyopaswa.

"Kadi inaingiaka vizuri?" alimuuliza pale.

"Inaingia. Tarehe sita, kila mwezi."

"Na mutoto anakula?"

"Anakula sana."

"Bon," alisema Liévin. Alisimama kidogo, mkono juu ya kitasa cha mlango. Kisha akarudi ndani, kwa sababu Elie alikuwa anamngoja na chakula kilikuwa kinapoa.